Theluthi ya Binti Suud

Sleyum, funga mlango huo, na wewe Masouda msogeze mama yako akae upande huu wa sikio langu linalosikia, maana ninayotaka kuyasema nnayasema mbele yenu nyote watatu na mbele ya Shekhe Marhoon, niliyemwita aje na kalamu yake, na sitaki mtu ainuke mpaka nimalize.

Bismillahi. Andika, Shekhe, kwamba mimi Thani bin Aflah, mgonjwa wa mwili na mzima wa akili, nausia theluthi ya mali yangu, nayo ni shamba la mitende la Bawshar pamoja na zamu yake ya maji ya falaji, ule mfereji wa kijiji, apewe Nasriya binti Suud bin Thani, mtoto wa miaka mitatu, aliyeko Budafok katika nchi ya Hungaria. Nyumba hii ya Matrah na vyote vilivyobaki mgawane kama sharia inavyosema.

Msitazamane. Najua jina hilo hamjapata kulisikia. Mjukuu ambaye baba yake ametangulia, na ami yake yuko hai, hana fungu katika urithi, ndiyo maana nnamuusia. Umesikia sawasawa, Rahila. Nimesema baba yake ametangulia. Suud kafa. Kafa miaka miwili sasa, na mimi nilijua siku zote hizo. Mshike mama yako, Masouda, lakini usimtoe nje, ana haki ya kuyasikia yote kutoka kinywani mwangu.

Mnajua alitoka Unguja mwaka wa sitini na mbili kwenda Hungaria kusoma kemia, mapinduzi yakamkuta huko huko, nasi tukaja Maskati na nguo tulizovaa. Yeye hakuwa na pa kurudi. Unguja nyumba haikuwa yetu tena, na hapa aliyesoma nchi zile za kikomunisti alikuwa haruhusiwi hata kukanyaga bandarini. Akapata kazi Budafok, mji wa mvinyo pembeni ya jiji lao kubwa, akaoa huko, akaniandikia niende kiangazi cha sitini na saba nikamwone mtoto. Barua ile nikaificha. Nikawaambia nakwenda Kuwait kutibiwa macho. Macho yangu hayakuwa na kitu.

Mji wenyewe uko kilimani juu ya mto mpana, na chini ya kila nyumba wamechimba jiwe wakafanya mapango marefu, baridi ya humo inaingia mpaka kwenye meno, na ndani chupa za ule mvinyo wa povu zimelazwa kwa maelfu. Kazi ya Suud ilikuwa kupita kila siku na kuzigeuza moja moja kidogo kidogo, ili machicha yashuke shingoni. Mikono yake ilijaa makovu, kwa sababu baadhi ya chupa hupasuka zenyewe. Nilipoyaona makovu yale sikumuuliza kama yaliuma.

Mkwewe, mzee mmoja aitwaye Ferenc, mtunza mapango, alinipokea mlangoni kofia mkononi. Alinunua kondoo akamwachia Suud amchinje mwenyewe, akapika mchuzi wa samaki mwekundu kwa pilipili katika sufuria mpya, na Suud akanifasiria: "Anasema, siku zote utakazokaa, nyumba hii haitakuwa na nguruwe wala mvinyo mezani. Anasema, wewe ni baba wa mwanawe." Mzee yule aliishi kwa mvinyo tangu utoto wake, na kwa ajili yangu siku tatu alikunywa maji. Mimi nilikula chakula chake, na moyoni nikamhesabu mtu najisi.

Siku ya tatu ilikuwa sikukuu yao ya kiangazi. Mtaa mzima wametandika meza, matarumbeta yanalia, wanawake wanakaanga mikate mikubwa kama sahani, watoto wanakimbia na vipande vya tikiti, na kila penye kundi chupa inafunguliwa kwa kishindo, povu linaruka, watu wanacheka. Nikamwona Suud kati ya wenzake, gilasi mkononi. Sisemi hakunywa. Alikunywa. Akaniona, akaiweka gilasi chini, akaja mpaka nilipo pamoja na mkewe, Margit, aliyempakata mtoto.

Nikamwambia, "Kwa hiyo unakunywa."

Hakukwepa macho yangu. "Nnakunywa, baba. Sikukuita hapa nikudanganye. Nimekuita umwadhinie mtoto. Leo katimiza arubaini, na tangu siku aliyozaliwa nakungoja wewe, kwa sababu mimi nnaona haya kumwadhinia kwa mdomo huu. Jina nimempa la bibi yako. Nasriya."

Margit akamnyoosha mtoto kwangu. Alikuwa amemfunika kichwa kwa kitambaa cheupe, kwa heshima yangu. Na mimi, Rahila, mimi niliyewaadhinia hawa watoto wako wote watatu, nikaweka mikono nyuma, nikasema, "Mtoto wa pipa la mvinyo haadhiniwi."

Yule mwanamke hakujua neno la Kiswahili, lakini alimrudisha mtoto kifuani upesi, kama aliyeona mbwa. Nikageuka, nikaingia ndani kuchukua mkoba wangu. Aliyenifuata ni mzee Ferenc peke yake. Akaniondolea mkoba mkononi, akaubeba mpaka kituo cha gari la reli, akalifuta benchi kwa leso yake ili nikae, akanipa mkate na nyama ya kondoo vilivyofungwa karatasini. Hatukuwa na lugha ya kusemeshana. Alisimama pale mpaka gari likaondoka. Chakula kile nilikitupa dirishani.

Mwaka uliofuata, Oktoba, barua ikanifikia kwa mkono wa msafiri kutoka Kuwait, imeandikwa na mwenzake wa Kiunguja aliyekuwa akisoma huko. Zabibu zikichachuka hutoa hewa nzito isiyo na harufu, nayo hulala chini ya mapango. Mzee Ferenc alitangulia kushuka asubuhi, akaanguka. Suud alikuwa juu ya ngazi. Wenzake wakamkamata nguo wasimwachie, akawaponyoka, akashuka kumfuata. Wakawatoa wote wawili wameshakufa.

Nini, Rahila? Sema tena. Alioshwa, ndiyo. Huyo mwenzake alimwosha, na wanafunzi wawili wa Kiyemeni wakamsalia, na kaburi lake liko kilimani. Barua imo kwenye kasha, chini ya joho langu. Na zako pia zimo humo, zile saba ulizomtajia Masouda akakuandikia, ukanipa nizipeleke. Sikuzipeleka. Nilipokuwa nikirudi kutoka bandarini na kukwambia nimepata habari, Suud anakusalimu, anakubusu mkono, nilikuwa nnatunga mwenyewe njiani. Wewe ukifurahi, nami najiona nimekutendea wema. Ilikuwa woga. Niliogopa uniulize, "Ulimwambia nini mlipoagana?"

Sleyum, usinung'unike kwa ndani, sema. Ndiyo. Najua shamba lile ulilikuta magofu, ukasafisha mfereji kwa mikono yako, ukapanda, na sasa linazaa. Kwa jasho ni lako. Ndilo nililo nalo lililo hai, ndiyo sababu nnalitoa hilo. Sikulazimishi upende. Nakulazimisha uendelee kulitunza kwa amana, na mazao yake yamfikie mtoto mpaka abaleghe. Njia zimefunguliwa tangu Julai, aliposhika nchi Sultani mpya, watu wanapewa pasi, wanatoka na kurudi. Nenda. Usiende kumchukua kwa mama yake, nimekukataza, na Shekhe ni shahidi. Nenda ukale chochote watakachokupa. Umwambie Margit lile neno nililolisema lilikuwa na maana gani, usilipunguze, kisha umwambie nimelijutia. Kama atakuruhusu umwadhinie, umwadhinie. Asiporuhusu, shamba ni lake vile vile.

Masouda... maji. Kidogo tu, midomo. Hapo.

Khitma yangu isisomwe kabla ya kusomwa ya Suud. Watu wakiuliza, msiwafiche. Mimi nimeficha vya kutosha. Mungu akupe nguvu, Sleyum, na akupe moyo mpana kuliko wangu. Mungu akustiri, Masouda, na wanao. Mungu amkuze yule mtoto, ampe watu wema, wowote wawe.

Weka kidole changu hapo, Shekhe, karibu na jina. Nitie wino. Bonyeza, mkono hauna nguvu.

Rahila kanigeuzia mgongo? Mwacheni. Usimguse, Masouda. Sikilizeni... la mwisho hili. Nikifa, mama yenu atavishwa nguo za kizuka... miezi minne na siku kumi, kwa ajili yangu. Watakuja wanawake, watampa mkono wa tanzia. Akiwaambia anamlilia mwanawe... akisema eda yote hiyo kamkalia Suud, si mimi... msimsahihishe. Msimwambie neno. Mkaeni naye tu.