Cheche ya Mwalimu Stella

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mchungaji wetu, Mzee Aminieli Mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima, walimu, wazazi wenzangu wa hapa Mamba, ndugu wageni mliopanda kutoka Moshi na Himo, na wewe Mwalimu Stella unayejificha nyuma ya mashada ya maua: Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Mimi ni Filemon, mpulizia dawa ya kahawa. Wengine leo watamsifu Mwalimu kwa fizikia aliyowafundisha wanafunzi mpaka anastaafu. Mimi sikuwahi kuwa mwanafunzi wake. Kwake nilifikishwa na kesi.

Mnaukumbuka msimu ule chule buni, ule ugonjwa wa buni changa, ilipoozesha kahawa yetu, ilhali nilikuwa nimepuliza dawa kila shamba la kihamba? Maneno yakaanza: Filemon anaizimua dawa, nyingine anaiuza Himo. Ningejitetea kwa lipi, na buni zinaoza mbele ya macho ya kila mtu? Kikao kikataka kunifukuza chamani. Mke wangu Winfrida akaacha hata kwenda sokoni kwa aibu. Jamani, kuitwa mwizi na watu mliokula nao mtori kunauma.

Hapo ndipo Mwalimu aliposimama akauliza: ni nani kati yetu amewahi kuliona tone la dawa likifika kwenye buni? Tukacheka. Tone linapita upesi, nani alione? Akasema basi tulione kwanza, halafu ndipo tumhukumu mtu.

Akamwita ndugu yetu Tushar, yule mwenye studio ya picha mjini. Tushar akapiga picha nikipuliza dawa, lakini matone yakatoka marefu kama nyuzi za mgomba. Akashangaa, akasema, “Mwalimu, flashi hii haijawahi kuniangusha harusini.”

“Maharusi husimama, Tushar,” Mwalimu akamjibu. “Matone hayasimami.”

Alitaka mwanga wa kufumba na kufumbua, tena mfupi kuliko huko kufumba kwenyewe: igawe sekunde moja mafungu milioni, yeye alitaka fungu moja tu. Tukaziba madirisha ya stoo ya shule kwa magunia ya kahawa, tukaweka ndani tawi lenye buni na bomba langu la kupulizia. Akajaza umeme kwenye chombo cha kuuhifadhi, ili uruke wote kwa mpigo kati ya sindano mbili. Kamera ikaachwa wazi gizani, maana kazi ya kufungua na kufunga ingefanywa na mwanga wenyewe. Lakini cheche ikiwa fupi, picha inatoka nyeusi. Akiiongeza ukali, inakawia na matone yanarefuka. Akazifupisha nyaya ili umeme usikawie njiani, akazifupisha tena, mpaka sindano zikakaribia kukikalia kile chombo.

Cheche ikalia kama bunduki. Mwenyekiti wetu alikuwemo kama shahidi. Taa ilipowashwa tulimkuta amekumbatia gunia. Mzee, unisamehe, lakini siku yenyewe ni ya furaha.

Na picha ikaonekana. Tone limetulia hewani, nene, la duara. Jingine limegonga buni na kudunda, na ile buni imebaki kavu. Mwalimu akabadilisha nozeli tu, ile ncha ya bomba inayotoa dawa, akaweka ya zamani, dawa ikiwa ile ile: matone madogo kama umande, buni imelowa kote. Kumbe nozeli mpya, zile za bei rahisi tulizoletewa na chama, zilikuwa zinaimwaga dawa chini.

Kesho yake asubuhi Mzee Aminieli alifika kwangu ameshika jani la isale. Wageni, huku kwetu anayekujia na isale anaomba radhi, na humkatalii. Alisema, “Filemon, tulinunua kitu kibovu, halafu tukakuhukumu wewe. Pokea.” Nililipokea kwa mikono miwili. Nililia, sioni haya kusema. Msimu uliofuata tukarudisha nozeli za zamani, mpulizia dawa akiwa mimi yule yule, na kahawa ikaiva nyekundu.

Mwalimu wangu, nenda kapumzike. Watu wengi walinitazama msimu ule. Wewe ulitaka kuona. Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu.

Ile picha nimeitundika sebuleni. Mgeni akiniuliza kwa nini nimetundika tone mahali pa picha yangu, namwambia picha yangu ndiyo hiyo.