Kiuno cha Ukutani

KAINGU: Haloo? Kaingu hapa. Nani mwenzangu?

TUMU: Tumu, muuza mahamri. Niko kibanda cha simu, Watamu.

KAINGU: Aa, Bi Tumu! Shikamoo. Habari za—

TUMU: Shikamoo kaa nayo. Yule uliyemchora ukutani hotelini ni nani?

KAINGU: Ni wewe, bibi. Si ulinikalia mchana kutwa nikikutazama—

TUMU: Mimi? Kiuno kile, akipiga chafya si atakatika! Na weupe ule? Nimekuwa unga wa ngano tangu lini?

KAINGU: Meneja... alinipa ukurasa wa gazeti la kwao. Akasema, uso wa huyu mama, mwili wa—

TUMU: Sikusikii! Mwili wa nani?

KAINGU: (simu inakwaruza) Wa msichana wa gazetini! Kasema wageni hawataki—

TUMU: Hawataki nini?

KAINGU: Basi tu, bibi.

TUMU: Malizia, fundi. Hawataki makalio yangu?

KAINGU: Bibi, mimi mtu wa kuajiriwa.

TUMU: Mtu! Wewe brashi tu, Kaingu. Anayekushika ndiye achoraye.

KAINGU: Lakini ni picha tu—

TUMU: Mwanangu Mwanabibi kaiona. Umbo lake ni langu, wajua. Tangu siku hiyo wali hagusi. Kajifunga leso tumboni, aikaza hata kupumua taabu. Jana kaanguka darasani.

KAINGU: Mungu wangu. Sasa yu—

TUMU: Aniuliza, "Mama, mbona ukutani u mzuri?" Mimi. Mamake.

KAINGU: Nitakuja Jumamosi, bibi. Nitamwomba meneja, labda ataniruhusu nikunenepeshe kidogo—

TUMU: Kwa ruhusa! Hebu nyamaza. Asubuhi nimeingia na ndoo ya chokaa.

KAINGU: Umefanya nini?

TUMU: Nimempaka. Uso, kiuno, vyote. Meneja kapiga kelele mpaka kaiva kama nyanya. Eti mahamri yangu nisimletee tena. Na ale gazeti lake!

KAINGU: Vyote, bibi? Hata miguu?

TUMU: Miguu nimeiacha.

KAINGU: Mbona?

TUMU: Ile yangu. Na magaga yake yote ya visiginoni. Sarafu zaisha hizi—

KAINGU: Ule ukurasa ulikatwa magotini, bibi! Miguu nilikutazama wewe—

TUMU: Basi ungetazama na juu! Haya, kwahe—