Bibi Chupa na Mawifi Wake

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi wa maabara yetu tunayemwita Bibi Chupa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Mimi ni msomaji wa jenomu, yaani napanga orodha nzima ya jeni za kiumbe, na naomba radhi mapema: nimechanganyikiwa kuliko inavyofaa kwenye sherehe.

Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo. Siku moja aliona mapovu kwenye chupa aliyopewa akaimwage, akagoma. Tangu hapo akawa mlezi wa vijidudu vya seli moja vinavyotengeneza gesi ya methani. Hawa hufugwa ndani ya chupa zilizozibwa, maana hewa tunayovuta sisi kwao ni sumu. Kizibo kikilegea tu, ni msiba. Miaka yote hiyo Bibi Chupa hakuwahi kufiwa.

Shida ilikuwa majina. Sisi huandika namba, yeye huandika ukoo: Shangazi, Mkwe, Binamu. Kisha kulikuwa na chupa yenye lebo WIFI 2. Fundi wa kompyuta aliihamishia kwenye kabati la intaneti, na tukamshukuru. Iliporudishwa rafuni, mimi nilidhani ni chupa ya pili ya kijidudu Wifi, nikasoma jenomu yake. Jeni zilizopaswa kuwa moja moja zikaja mbili mbili. Miezi mitatu tulisafisha mashine na kulaumiana, tukakata shauri kuwa sampuli ni chafu, itupwe.

Bibi Chupa akapita na sinia lake, akashangaa kwamba wasomi hatujui kusoma. Aliandika wazi: wifi ni wawili! Mmoja anapika, mwenzake anakula alichopikiwa na kutoa methani. Kutwa wanasutana, lakini ukiwatenganisha wanakufa wote. Jenomu zikamuunga mkono, na jina lake likaingia kwenye ripoti yetu kubwa kuliko zote. Alijuaje bila mashine? Nimemuuliza mara tano, na kila jibu linanipoteza zaidi.

Wiki mbili zilizopita tulimwomba asiguse rafu, tujifunze kuwalea wenyewe. Gesi ya Mawifi ikaanza kushuka, hadi ikafika nusu. Hakuna chupa nyingine kama hiyo popote tunapojua. Tukafungua daftari lake, tukakuta maneno mawili: “Wape wakiomba.” Kiumbe kisicho na mdomo kinaombaje? Watu wanne wenye shahada tukajaribu kila mmoja lake, na mimi niliogopa kweli.

Jumatatu asubuhi tulikuta gesi imepanda, mapovu tele. Hatujui tulifanya nini sawa. Kila mmoja anamsifu mwenzake, na wote tunakana.

Bibi yetu, asante kwa subira yako kwa viumbe wadogo, sisi tukiwemo. Ukapumzike kwa afya na furaha. Na kama ni wewe uliyepita humu alfajiri ile kabla hatujafika, tafadhali, usituambie.