Kitufe Namba Mbili

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za sufuria huko jikoni. Ni saa sita adhuhuri, Jumanne, tarehe tisa Machi, na theluji bado imeng'ang'ania barabara zetu za Buffalo kama deni la ukoo. Mimi ni Leonard Szymkowiak. Leo sina mzaha mwingi.

Namkumbuka Bi Genevieve Pacholski wa Cheektowaga. Alifariki Ijumaa ya tarehe ishirini na sita Februari, moyo ulisimama, na tukamzika Jumatano iliyopita. Alikuwa na miaka sabini na nne. Shikeni hesabu hiyo, kwa sababu habari yote ya leo ni habari ya umri.

Wengi wenu hamkumjua. Mimi mwenyewe nilionana naye ana kwa ana mara moja tu. Na mara hiyo moja nilimkosea.

Bi Genevieve alifunga peremende kiwandani miaka thelathini na mmoja. Mumewe alitangulia zamani. Alijaliwa watoto wawili: Rosalie, aliyeolewa Rochester, na Dennis, kitindamimba, aliyebaki nyumbani na mama yake. Dennis alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji. Alizaliwa tarehe tisa Machi mwaka sabini na nne.

Sasa, kila Jumamosi saa sita mchana, mama huyu alikuwa akitazama kipindi cha televisheni kilichoitwa Saa ya Polka, muziki wa dansi wa wazee wetu waliotoka Poland. Wengi mnakikumbuka. Kilikuwa changu. Miaka kumi na tisa nilisimama pale na koti jekundu, Mzee Stas akipiga kodiani nyuma yangu, mimi nikisoma salamu za siku za kuzaliwa. Na kila salamu niliimaliza kama tunavyotakiana kwetu: "Miaka mia!"

Mama anatazama, na Dennis amelala chali kwenye kochi, viatu miguuni, ametoka kusukuma theluji usiku kucha. Rosalie ananiambia Dennis alikuwa akifungua jicho moja na kusema, "Mama, nani amekufa? Mbona wanapiga muziki wa msiba?" Na mama anamjibu, "Atakufa mtu sasa hivi usipotoa hayo mabuti kwenye kochi langu!"

Septemba mwaka elfu mbili na saba, bahati ikabisha hodi. Kampuni ya kupima watazamaji ikaichagua nyumba yao. Akaja mama mmoja anaitwa Yvonne, akaweka kisanduku juu ya televisheni. Kisanduku kilikuwa na vitufe, na kila mtu wa nyumba ana kitufe chake. Namba moja, Genevieve, miaka sabini na mmoja. Namba mbili, Dennis, miaka thelathini na mitatu. Ukiingia chumbani, bonyeza chako. Ukitoka, bonyeza tena. Ukisahau, taa nyekundu inapepesa, inapepesa, inauliza: nani yumo?

Bi Genevieve akauliza swali la maana. "Na huyu wangu akilala?"

"Yumo chumbani?"

"Yumo, anakoroma."

"Basi mbonyezee. Sisi hatupimi anayependa, mama. Tunapima nani yumo chumbani."

Kisha Yvonne akawapa sharti moja kubwa: ni siri. Usimwambie jirani, usimwambie padri, na usiwasiliane kabisa na watu wa televisheni, hata kwa kadi ya salamu. Mama akaapa.

Wasikilizaji wapendwa, niwaeleze biashara ile ilivyokuwa, maana mimi nimekula chumvi yake. Hakuna anayewahesabu watu wote wa Buffalo. Zinahesabiwa nyumba mia chache, na kila mtu ndani ya nyumba zile anasimama badala ya maelfu wasioulizwa. Dennis mmoja alihesabiwa kuwa vijana elfu mbili. Halafu mnagawanywa kwa umri, kama viazi sokoni. Kapu la miaka kumi na minane hadi thelathini na minne, hilo ndilo dhahabu, wenye matangazo wanalipigania. Kapu la thelathini na mitano hadi hamsini na minne, si haba. Na kapu la hamsini na mitano kwenda juu, bosi wangu Gordon alikuwa na jina lake. Alikuwa akiliita kapu la mazishi.

Watazamaji wangu wote walikuwa kapu la mazishi. Gordon hakunificha. "Lenny," aliniambia, "watu wako wananunua dawa ya meno ya bandia na jeneza. Nitafutie mtu mwenye meno."

Tarehe ishirini na mbili Novemba mwaka ule, siku ya sikukuu ya shukrani, Dennis alishuka kwenye gari lake barabara kuu kufuta kioo. Theluji ilikuwa ikimwagika. Lori lililokuja nyuma halikumwona. Dennis Pacholski akafa pale pale barabarani, akiwa na miaka thelathini na mitatu.

Wakamzika Jumatatu. Jumamosi mama alikaa kwenye kiti chake saa sita, akawasha televisheni, mimi nikatokea na koti langu jekundu. Akabonyeza namba moja. Akaangalia kochi.

Akabonyeza namba mbili.

Hakuiambia kampuni. Kila miezi sita Yvonne alipiga simu: "Kuna mabadiliko yoyote nyumbani, Bi Genevieve?" Na yeye anajibu, "Hakuna." Mwanamke aliyekuwa akienda misa kila siku ya Mungu! Alikwenda kuungama, bila kutaja kisanduku. Akaungama uongo tu. "Padri akanipa Salamu Maria kumi," alinisimulia. "Nikamwambia, Baba, weka ishirini kabisa, maana huu uongo bado sijaumaliza."

Sasa njooni upande wangu. Januari ripoti ya miezi minne iliyopita ikafika stesheni. Gordon akatoka ofisini anakimbia, na Gordon si mtu wa kukimbia. Saa ya Polka imepata vijana wa kiume! Elfu mbili! Wanakaa kipindi kizima, dakika sitini, hawabanduki!

Jamani, tulipagawa. Nani aliyejiuliza? Hakuna. Mtu akikuletea habari unayoitamani hutamwomba kitambulisho.

Gordon akasema vijana wamekuja, sasa tuwape mambo ya vijana. Mzee Stas akaambiwa apumzike, baada ya miaka kumi na tisa, akapewa keki na mkono wa kwaheri. Hakupiga tena kodiani mpaka leo. Wakaletwa watu wa magitaa na moshi wa bandia. Yakaja mashindano ya pikipiki. Salamu za siku za kuzaliwa zikafutwa, eti ni mambo ya mabibi. Koti jekundu likatupwa. Na mimi, mwenye miaka hamsini na minane, nikapaka nywele rangi nyeusi na kupiga kelele kwenye kamera, "Mambo vipi, vijana wangu wa Buffalo!"

Vijana wangu wa Buffalo. Miezi kumi na sita nilimpungia mkono maiti mmoja.

Na mama yake alikuwa pale anatazama. Alikichukia kipindi kipya kwa moyo wake wote. Mabibi wenzake walizima, wakahama. Yeye hakuweza kuhama, kwa sababu Jumamosi saa sita ilikuwa saa yao wawili. Alivumilia magitaa. Alivumilia pikipiki. Alinivumilia mimi.

Tarehe tisa Machi mwaka elfu mbili na nane, Dennis akatimiza thelathini na minne ndani ya mashine. Mwaka uliofuata, tarehe tisa Machi, mashine ikamfanya thelathini na mitano.

Mmeshaona? Thelathini na mitano si kapu lile tena. Jumamosi ya tarehe saba tulikuwa na vijana elfu mbili. Jumamosi ya tarehe kumi na nne, hata mmoja. Gordon alishika kichwa. "Wamekwenda wapi? Wote? Wiki moja? Lenny, umesema nini hewani?" Tulirudia mkanda mara nne tukitafuta neno baya nililotamka. Hakuna aliyeona kwamba kapu la jirani lilikuwa limeongezeka elfu mbili, vilevile wa kiume, vilevile dakika sitini. Kijana wetu hakwenda popote. Alikuwa amezeeka siku moja, basi.

Mei kipindi kikafutwa. Nikafukuzwa, baadaye redio hii ikanipokea. Mke wangu akanitazama nywele zile akasema, "Angalau sasa osha hiyo rangi ya viatu."

Septemba mkataba wa Bi Genevieve ukaisha. Yvonne akaja kuchukua kisanduku. Rosalie alikuwepo. Anasema mama alimwomba Yvonne asubiri kidogo, akabonyeza namba mbili mara moja ikawaka, mara ya pili ikazima. Yvonne akatazama taa, akatazama picha ya Dennis ukutani yenye utepe mweusi. Akamkumbatia, akachomoa nyaya.

Oktoba, Bi Genevieve akaja hapa redioni. Alipanda mabasi mawili. Alibeba bakuli la pierogi, maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi na jibini, limefungwa taulo. Akakaa mbele yangu, mkoba mapajani, akanieleza yote haya niliyowaeleza. Yote. Alikuja kuniomba radhi.

"Kipindi chako kimekufa kwa mkono wangu, Leonard mwanangu," alisema. "Wale vijana elfu mbili walikuwa Dennis wangu."

Nikamuuliza, "Mama, kwa nini? Si ungemwacha tu apumzike?"

Halafu akasema jambo ambalo nalisikia kila siku. "Kaburini ana thelathini na mitatu. Kwenye picha ana thelathini na mitatu. Rosalie anamtaja kama mtoto. Ni kwenye kile kisanduku peke yake mwanangu alikuwa anaendelea kukua. Nilitaka nimwone anapata mvi, japo kwa namba."

Kisha akaomba kitu kimoja. Alisema miaka yote ile miwili alitamani kuniletea kadi nimsomee Dennis salamu za siku ya kuzaliwa, lakini kiapo kilimfunga. Sasa kiapo kimekwisha. Akatoa kadi kwenye mkoba. "Machi tarehe tisa. Umtaje tu. Useme miaka mia, kama zamani."

Na mimi, Leonard Szymkowiak, mtu mnayemwita mcheshi, nikamwambia hivi. Nayarudia kama yalivyotoka. Nilimwambia, "Mama, umenikosesha kazi ya miaka ishirini. Mzee Stas umemnyamazisha. Na leo unataka nimtakie maiti miaka mia? Nenda kwa padri, usije kwangu."

Ulimi hauna mfupa, wasikilizaji wapendwa. Haukuvunjika.

Hakulia. Alirudisha kadi kwenye mkoba. Akafunga vifungo vya koti polepole, vidole vyake vilikuwa vimepinda. Mlangoni akageuka. "Zikaange na siagi na kitunguu," alisema. "Usizipashe kwa maji, zitaharibika."

Akaenda kusubiri basi kwenye baridi. Nami nina gari.

Nilisema moyoni, hasira zikishuka nitampigia. Novemba ikapita. Nilijua Novemba kwake ni mwezi gani, sikupiga. Krismasi ikapita. Nikasema, basi, Machi, nitamshtua Machi. Siku kumi kabla ya Machi tisa, Rosalie akapiga simu. Nilidhani amenipigia anitukane. Akasema, "Mama amefariki. Aliacha maneno kwamba bakuli lake liko kwako."

Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Nililipeleka bakuli msibani. Niliketi jikoni kwake nikamwambia Rosalie niliyomtendea mama yake, na yeye alikuwa anajua tayari. Nikamuuliza mama alisema nini siku ile aliporudi nyumbani. Rosalie akasema, "Alisema umekonda. Alisema huyu mtu hali vizuri."

Aliniambia pia kwamba mpaka mwisho, Jumamosi saa sita, mama alikuwa akiinuka na kugusa juu ya televisheni, pale kisanduku kilipokuwa. Kisha anarudi kuketi, na kochi hakumruhusu mtu kulikalia.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Rosalie, mumewe, na wote wa nyumba ya Pacholski: poleni sana. Poleni kwa mama, na poleni kwa Dennis, ambaye sisi tulimhesabu mara elfu mbili na hatukumwuliza jina hata mara moja. Mzee Stas, kama unanisikia, hukukosa lolote, na sikukutetea. Nisamehe.

Na nyinyi mnaonisikiliza, sijui mko wangapi. Hapa redioni hatuna kisanduku. Lakini kama kuna mtu chumbani kwako sasa hivi, amelala na viatu kochini, mtazame. Kama kuna mtu unayesubiri hasira zishuke ndipo umpigie, mpigie leo. Mimi nilikuwa nasubiri Machi.

Rosalie amenipa ile kadi. Ilikuwa bado ndani ya mkoba. Ina picha ya gari la kusukuma theluji, sijui aliipata duka gani. Naisoma kama alivyoandika.

"Kwa mwanangu Dennis Pacholski wa Cheektowaga, anayetimiza leo miaka thelathini na sita. Toa mabuti kwenye kochi. Mama yako, Genevieve."

Dennis, miaka mia.

Bi Genevieve, nimesema.