Kibao cha Nzisa

— Nani anaweza kuniambia tofauti ya "there" na "their"?

Niliuliza darasa zima la Form Two, na hakuna aliyejibu. Hata kukohoa, hapana. Jioni nikalibeba swali langu hadi kijiweni, nyuma ya maduka ya Makongeni, kwenye benchi la Wilkister muuza kahawa. Mimi ni mwalimu wa mazoezi kutoka chuo, na tangu nisimame kwenye kikao cha walimu kupinga kibao cha adhabu cha shule, hakuna mwalimu anayekalia kiti cha kando yangu. Hapa benchini angalau watu hunipinga uso kwa uso. Dikshenari, jina lake la kweli Absalom, hushona viatu na humsahihisha kila mtu. Waziri ni Mutinda, askari wa kiwanda, asiyetawala chochote ila geti. Mwas hutengeneza simu, na jibu lake hutangulia swali.

Mwas: Niaje Campus! Mbona uso umekunjwa kama chapati ya jana?

Mimi: Wanafunzi hawanijibu. Nimewapa maneno ya Kiingereza yanayosikika sawa na maana ni tofauti. Kimya.

Dikshenari: Unawafundisha vibaya, mwalimu. "Flour" na "flower", peleka unga kwa sahani, peleka waridi kutoka kule mashamba ya maua. Waguse. Hakuna mtoto atasonga ugali na waridi.

Mimi: Nilipeleka, mzee. Unga na ua. Waliangalia tu.

Mwas: Makosa ni ya Wazungu. Kwao kuna baridi, mtu hawezi fungua mdomo mara mbili. Neno likishatoka, lazima lifanye kazi mbili.

Waziri: Ndio maana wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Dikshenari: Hiyo imeingiaje hapo, Mutinda?

Waziri: Imeingia kwa geti. Nimeiruhusu mimi.

Mwas: Dawa ni ringtone! Kila neno lipewe mlio wake. Ukitaka "their", unapiga mluzi kwanza.

Wilkister: Na siku ya mtihani? Si shule itakuwa kama stage ya matatu ya Ruiru?

Dikshenari: Mimi nasema tupige kura nchi nzima. Neno moja libaki, lile limeshindwa lirudishwe Uingereza na ndege ya kwanza.

Waziri: Na likienda kortini?

Tulicheka, hata mimi. Kisha kicheko kikanichoma.

Mimi: Mnatibu Kiingereza, na hamjauliza kwa nini watoto hawajibu. Kuna kibao cha mbao, kina kamba, kinavaliwa shingoni. Zamani alivishwa aliyeongea Kikamba au Kikuyu shuleni. Sasa mkuu wa idara ya Kiingereza ameongeza: ukichanganya "there" na "their", unakivaa. Na hukivui mpaka umsikie mwenzako akikosea, umvishe yeye. Mwenye kibao akikaribia, watu wanafunga midomo. Nani atanijibu, na yule yuko pale anasikiliza?

Waziri: Hiyo si ni nidhamu? Samaki mkunje angali mbichi.

Mimi: Hoja yako haina mashiko, Waziri! Unamfunga mtoto mdomo, halafu unasema umemfundisha kuongea?

Waziri: Pole pole, msichana. Kikulacho ki nguoni mwako. Si ndio maana wanakivaa juu ya sweta?

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja mwenye gambuti na dastkoti ya kiwandani, ambaye sikuwahi kumwona kijiweni, alikuwa ameweka kikombe chini.

— Ni wewe mwalimu mgeni wa Form Two?

Mimi: Ndio, mama.

— Mimi ni Ndunge. Mama Nzisa.

Nzisa ndiye mwenye kibao. Amekivaa karibu muhula mzima. Saa ya chakula yeye hula kwenye ngazi za maabara, na ngazi zote huwa zake.

Ndunge: Nyumbani haongei. Nilifikiri ni umri. Jana akanieleza hicho kibao, nikamuuliza, kwani wewe huwasikii wengine wakikosea? Akasema anawasikia kila siku.

Mwas: Si amvishe mmoja tu, mathe, iishe?

Ndunge: Nilimwambia hivyo hivyo. Akaniuliza, "Nikimvisha, huyo naye atakaa na nani?" Nyinyi mmesoma, nimewasikia mkiongea hapa. Huyo mwingine atakaa na nani?

Dikshenari aliangalia ndani ya kikombe chake. Mwas akawasha simu ya mteja, akaizima. Waziri akasogea, akamwachia nafasi kwenye benchi. Nami, niliyezoea kusimama kwenye mijadala ya chuo na kuporomosha hoja za watu mpaka wenyewe wakae chini, nilibaki nikitazama matope ya gambuti yake.

Lakini nilijua la kuomba.

— Mama Nzisa, ofisini mimi ni mtoto wa chuo, na niko peke yangu. Najua kiwandani ruhusa ni ngumu. Iombe tu ya asubuhi moja. Kesho njoo na Nzisa, tuingie pamoja kwa mwalimu mkuu, na tafadhali, hicho kibao umvue wewe mwenyewe, kiishie hapo.