Fundi Constantine na Injini Namba 25178346

Baba Paroko, wazee wetu wa Nkololo, majirani, na ninyi mafundi mliofunga gereji zenu mjini Bariadi ili kuja kumsindikiza mwenzenu, familia inawasalimu, mwangaluka, na inaomba mtuvumilie, kwa kuwa anayesoma ni Josia, mtoto wa pili wa marehemu, ambaye tangu utotoni husoma mbio akiwa na hofu, na baba yake alikuwa akimwambia apunguze gia. Watani wa marehemu nao wanaombwa wasubiri hadi amalize.

Marehemu Constantine Mayige Masalu alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 hapa Nkololo, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Mayige Masalu na Mama Shida, akabatizwa mwaka 1958, akaanza shule mwaka 1959, na akamaliza darasa la nane mwaka 1966. Imla ilimshinda, hilo alilikiri mwenyewe, lakini pampu ya maji ya misheni ilipogoma mwaka 1965 ni yeye aliyeifungua kwa kisu cha kuchunia ng'ombe, akaifunga tena, ikatoa maji, ingawa alibaki na skrubu moja mkononi ambayo hadi anafariki hakujua ilitoka wapi.

Mwaka 1967 alikwenda Mwanza kujifunza umakanika, akarudi mwaka 1970 na kuajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba, ambako alitunza injini za mashine hadi mwaka 1996 alipopunguzwa kazi pamoja na wenzake, ndipo akafungua gereji yake mjini Bariadi. Watu walimwamini kwa kuwa hakuwa mtu wa kubembeleza, aliisikiliza injini kidogo, akaizima, akasema ukweli, na akikuta ufa kwenye bloku, yaani lile pande la chuma linalobeba silinda zote, alimwambia mwenye mashine au gari maneno yale yale kwa miaka hamsini, kwamba bloku ikipasuka usiililie, izike. Wengi mlioketi hapa mmewahi kuambiwa hivyo, na mlinuna kwelikweli.

Mwaka 1973 alimposa Nyanjige Mboje wa Zagayu kwa mahari ya ng'ombe kumi na wanane, na ndoa yao ikafungwa kanisani tarehe 6 Septemba 1975. Mungu aliwajalia watoto wanne, Elina, Josia, Jenifer na Joakim, na ameacha wajukuu kumi na saba. Mama yetu hakupelekwa shule, kwa kuwa kwao alikuwa na mkono mzuri wa kuchunga, na mkono wa namna hiyo haukuachiwa uende kushika chaki.

Mwaka 1978 kiwanda kiliuza magari yake chakavu, na marehemu akanunua Landrova ya mwaka 1968 iliyokuwa imelala juu ya matofali, akaivuta kwa ng'ombe hadi nyumbani, na mwaka uliofuata akaishusha injini na kuitandika juu ya magunia uani ili aifufue. Mama alikaa karibu yake akimpokeza spana, akaona alama zilizogongwa kwenye bloku, akauliza ni nini, naye akamshika kidole na kukipitisha juu ya kila alama, mbili, tano, moja, saba, nane, tatu, nne, sita. Sifuri na tisa, ambazo hazikuwepo pale, alizikuta kwenye pleti ya gari, na herufi akazipata kwenye kitabu cha nyimbo. Miaka kumi baadaye ni Mama Nyanjige aliyekuwa akiitwa kusoma mizani siku za kuuza pamba, na hakuna mkulima wa kitongoji hiki aliyepunjwa hata kilo moja Mama akiwa amesimama pale, na kila alipomaliza, marehemu aliwaambia watu kwa majigambo kwamba huyo ni mwanafunzi wake.

Landrova hiyo imebeba pamba, imebeba maharusi, imebeba wajawazito usiku na mchana, na karibu nusu yenu mmewahi kuisukuma. Marehemu alipogundulika na shinikizo la damu mwaka 2014, na baadaye figo zikaanza kusumbua, ndiyo iliyompeleka kliniki kila mwezi, kwa kuwa basi lilimtesa miguu na gari la kukodi aliliona ni dharau.

Mwezi Juni 2022 injini ilianza kutoa moshi na kuishiwa nguvu. Ilipogoma kabisa mwezi Septemba, Josia, anayefanya kazi Mwanza, alipata injini ya Toyota ya dizeli, nzima, ikiwa na gia boksi yake, akasema ndiyo ifungwe ili mzee asikose kliniki. Mzee akakataa katakata, akasema injini ya zamani itafanyiwa ovaholi, silinda zichongwe, pistoni na bearingi ziwe mpya, na kwamba mtoto asimfundishe baba yake injini. Maneno yalikuwa makali pande zote mbili, hilo Josia analisema mbele yenu kwa aibu, na baba na mtoto hawakupigiana simu kwa miezi mitatu.

Miezi ikapita, spea zikawa zinasubiriwa, na kliniki mbili zikakosekana, miguu ikavimba. Kumbe spea hazikuwa zimeagizwa. Tarehe 3 Desemba 2022 Mama alikwenda kumwaga oili iliyokuwa imekingwa kwenye beseni, akaona imekuwa nyeupe, na yeye aliyekua na ng'ombe akasema moyoni kwamba oili haiwezi kuwa maziwa, hapo maji yameingia. Akachukua kitambaa na mafuta ya taa, akaisugua bloku yote, akaipita namba yake, na chini ya silinda ya tatu akakuta ufa wa urefu wa kiganja, umezibwa kwa gundi ya chuma na kupakwa rangi. Alimuuliza mumewe ni nani ameuziba. Fundi aliyewaambia watu ukweli kwa miaka hamsini akainamisha kichwa, akasema ni yeye, tangu Juni, kisha akalia, akaeleza kwamba si gari analolililia, ila anaogopa kwamba bloku ile ikienda kwenye chuma chakavu, na ile siku ya kwenye magunia nayo imekwenda.

Mama yetu si mtu wa maneno mengi. Alimjibu kwamba namba anayo kichwani wala haihitaji chuma, lakini yeye akimpoteza atamsoma wapi. Asubuhi yake simu ya Josia iliita, na sauti ya baba ikasema, bila hata salamu, leta hiyo Toyota yako.

Injini ilifungwa Januari 2023, marehemu mwenyewe akiwa ameketi kwenye kigoda akikosoa kila nati, na tangu hapo hakukosa kliniki hata moja. Alikuwa akilalamika kwamba Landrova sasa inakohoa Kijapani, lakini aliiosha kila Jumamosi. Bloku haikuuzwa, Mama aliiweka nje ya jiko lake na kuigeuza kigoda.

Mwezi Julai mwaka huu wa 2025 hali ilibadilika, akalazwa hospitalini mjini Bariadi, na tarehe 11 Agosti, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia akiwa na mkewe kando.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa kwa kumvumilia alipokuwa akiwaeleza jinsi ya kurekebisha kitanda. Tunawashukuru majirani wa Nkololo kwa kuni, maji na kulala nasi msibani, jumuiya kwa sala, na mafundi wenzake kwa jeneza. Tunamshukuru pia fundi Masele wa Mwanza, ambaye marehemu alimpelekea picha za ufa ule tangu mwanzo, akamwambia ukweli kwamba hakuna kuchonga hapo, kisha akaombwa atunze siri na akaitunza. Tumekusamehe.

Msalaba mtakaouona hakuuandika seremala. Jana mchana Mama alikaa juu ya bloku, akaomba rangi na brashi, akaandika jina la mumewe, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufariki, bila kukosea herufi, kisha chini yake akaandika tarakimu nane, na hakuinama hata mara moja kuangalia. Kuna aliyedhani ni namba ya simu. Baba Paroko, tunaomba iachwe hivyo hivyo.

Baba, Landrova imekuleta nyumbani leo, imewaka mara moja, na Mama alikaa mbele. Josia amejitahidi kusoma polepole. Pumzika kwa amani.