Fada Nane za Bwana Besi

Bwana Besi alifika kwenye benchi la kona, mbele ya kibanda cha kinyozi, amekumbatia ubao wake mpya kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Benchi lile halijawahi kukosa kahawa wala wajuaji. Ubao ulikuwa na fada nane, vile vijiti vya kusukuma juu na chini kupandisha au kushusha sauti ya kila chombo, na kazi yake ni kuiamrisha programu ya muziki kwenye kompyuta bila kuhangaika na mausi. Furaha ilimjaa mpaka kooni. Asubuhi mkewe, mwimbaji wake wa miaka yote, alimwambia waziwazi: ukiifukia tena sauti yangu chini ya madude yako, huu ndio wimbo wetu wa mwisho, nahamia studio nyingine. Sasa dawa ilikuwa imepatikana.

— Jamani, kwa mausi unashika chombo kimoja kimoja. Hapa vidole vinane, vyombo vinane, vyote kwa pamoja! Na ukifungua wimbo, fada zinakwenda zenyewe pale ulipoziacha.

— Zenyewe? kinyozi akashtuka.

— Zenyewe. Zina mota ndani.

Fundi Redio, ambaye hajawahi kukubali kushindwa ubishi, akatikisa kichwa.

— Uza haraka. Leo zinatembea, kesho zitatunga, keshokutwa zinataka picha yao kwenye kava.

— Wacha fiksi! kinyozi akadakia. Hizo zinasoma jasho la kidole. Ukiupenda wimbo unatoka jasho, zinapanda.

— Ndiyo maana wanamuziki wamekonda. Wakinenepa, fada zinachanganyikiwa.

— Mimi nifungiwe moja kwenye kiti cha kunyolea. Mteja akibisha, namteremsha.

— Mama mkwe wangu mpeni mbili!

Walicheka hadi kahawa ikawapalia. Bwana Besi alijiona bingwa, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo juu ya ubao.

Ndipo mkewe akatokea, anatoka dukani.

— Habari zenu, shemeji zangu.

— Nzuri, shemeji! Njoo umwone mwenzio alivyopanda cheo.

Aliinama, akaigusa fada moja, akatabasamu. Ubao ulimpendeza kwelikweli.

— Mzuri, baba watoto. Haya, mimi niko kwenye ipi?

Bwana Besi akaanza kwa kujiamini, kidole kikitembea.

— Hii dramu kubwa. Hii dramu ndogo. Matoazi. Makofi. Njuga. Besi yangu. Gitaa...

Kidole kikafika mwisho wa ubao.

— Kinanda.

Fundi Redio akachungulia ndani ya kikombe. Kinyozi alikumbuka ghafla kwamba ana viwembe vya kusafisha.

— Wewe... wewe nimekuacha kwenye mausi, alisema Bwana Besi, na aibu ikamshika hadi masikioni.

Mkewe hakupandisha sauti. Aliuchukua ubao, akauweka kwapani, akamkabidhi mume mfuko wa vitunguu.

— Twende. Leo napanga mimi. Madude yako yote yanaingia fada moja.

— Na hizo saba?

— Nina sauti za kuzijaza.

Alishatangulia. Bwana Besi akamfuata na vitunguu vyake bila kuaga mtu.